Kinyozi na Jina la Bibi Deko

Wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mnaojifanya hamsikilizi huku masikio mmeyatega, leo nina kisa cha jirani yetu kinyozi. Nitakisimulia chote, hata pale kinapomwaibisha, maana yeye mwenyewe ndiye aliyenituma. "Nimesema watu wengi mno," aliniambia. "Sasa na mimi nisemwe."

Saluni yake ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Ndani kuna kiti cha kuzunguka, benchi la mbao la kusubiria, kioo kirefu chenye ufa uliozibwa kwa gundi, chupa ya spiriti, kopo la poda na brashi. Ukipita hapo Jumamosi asubuhi utalikuta benchi limejaa, na nusu ya waliokaa hawana hata unywele wa kunyoa. Wamekuja kusikiliza tu. Watu walimbandika kinyozi huyo jina la Redio, kwa kuwa alikuwa hazimwi. Alijua nani kahama, nani kanuniana na mkwewe, na nani kafukuzwa kwaya kwa kuimba ovyo. Hakuwa mtu mbaya, naomba nieleweke. Hakuwahi kumsema mtu kwa chuki. Alipenda kuona watu wakicheka, na kichekesho kikishamfika mdomoni hakuwa na pa kukiweka ila nje.

Binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na tano, alizoea kumsaidia siku za Jumamosi. Alifagia nywele, akakunja vitambaa, na baba alipoanza kichekesho yeye ndiye aliyekimalizia, tena kwa uso mkavu kabisa, mpaka benchi zima likashika mbavu. Mama yake, karani katika ghala la vifaa vya ujenzi, akipita na chakula cha mchana aliwakuta hivyo, akaondoka akicheka peke yake njiani. Nyumba ilikuwa na amani.

Kisha binti akaanza kufifia. Jumamosi moja alisema tumbo linamuuma. Iliyofuata ikawa kichwa. Shuleni alitoka darasani katikati ya somo kwa sababu moyo ulimwenda mbio na viganja vikamlowa jasho bila mtu kumfanya lolote. Sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyoletwa. Alilala mchana akaamka kachoka zaidi. Ukimuuliza una nini, alijibu "sina kitu", na kweli kitu kile yeye hakujua kinaitwaje.

Baba yake alijiona anajua kinavyoitwa.

"Anadeka huyu," alimwambia mkewe. "Mtoto mmoja, tumemlea kama yai. Akichoka kudeka atainuka."

"Mwezi mzima mtoto hacheki, mume wangu. Hilo nalo ni deko?"

"Tena deko lililoiva."

Hapo ndipo alipotenda kosa ambalo pengine kinyozi tu ndiye angelitenda. Siku hiyohiyo mteja mmoja, shuka shingoni, aliuliza binti yuko wapi, mbona haonekani. Mtu mwingine angejibu kwamba mtoto haumwi sana, asante kwa kuuliza, yakaisha. Redio alizima mashine ili asikike vizuri. "Bwana we, nyumbani kwangu sina binti tena, nina Bibi Deko. Kajilaza kama mzazi wa juzi. Chai aletewe, maji apashiwe moto, na pazia lisifunguliwe, jua lisije likamchubua!"

Benchi lilicheka mpaka mzee mmoja akapaliwa. Kwa kuwa kichekesho kimependwa, kesho yake alikirudia, na keshokutwa akakitia chumvi. Miongoni mwa waliocheka walikuwamo wavulana wa shule ya binti yake. Jumatatu binti aliingia darasani akakuta juu ya dawati lake pameandikwa kwa chaki: BIBI DEKO. Hakujua jina limetoka wapi. Alilifuta kwa kiganja, akakaa, na tangu siku hiyo kumtoa nyumbani kwenda shule kukawa vita.

Mwalimu wake wa darasa ndiye aliyewaita wazazi na kuwaelekeza kliniki. Daktari alizungumza na binti peke yake kwa muda mrefu, kisha akawaambia wazazi kwamba mtoto wao ana sonona, huzuni nzito isiyoondoka yenyewe, na juu yake ana wasiwasi uliopita kiasi. Ni maradhi, akasema, na yana tiba. Akampangia kikundi: kila Jumatano alasiri, katika chumba cha nyuma cha kliniki hiyohiyo, vijana wanane wenye shida za namna hiyo wakiwa na mshauri wao.

"Wanafanya nini humo?" kinyozi aliuliza.

"Wanazungumza."

"Kuzungumza tu, daktari? Ndiyo dawa hiyo?"

"Na kusikilizana. Hilo ndilo gumu, mzee."

Jumatano ya kwanza binti hakufungua mdomo. Ya pili vilevile. Ya tatu alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akamuuliza mama yake kama kuna kiporo. Mama aligeukia dirishani kwa haraka ili mtoto asimwone machozi. Ya nne alisikika bafuni akiimba, ubeti mmoja tu, tena nusu. Wazazi mnaojua maradhi haya mnajua furaha ya nusu ubeti.

Mambo yangeendelea hivyo, mimi ningekuwa nimeshanyamaza. Lakini mzee mmoja wa benchi akaja na lake. "Redio, nasikia pale kliniki kuna chumba watoto wanakaa duara wakiwasema wazazi wao. Kila mmoja anamwaga ya kwao."

Mkono wa kinyozi ulisimama juu ya kichwa cha mtu. Yeye alijua maneno yanavyosafiri. Miaka kumi na minane ameyaona yakiingia kwa mlango ule asubuhi na kufika mwisho wa mtaa kabla ya saa sita, na mengi aliyasindikiza mwenyewe. Hakuweza kuamini kwamba duniani kuna chumba ambamo neno linasemwa likabaki humohumo. Maskini, alikuwa akikipima chumba kile kwa kipimo cha saluni yake.

Alipofika nyumbani akatangaza, "Huko kliniki basi. Huendi tena."

Binti hakubisha. Aliinamisha kichwa tu, akarudi chumbani na kufunga mlango. Mama yake alibisha kwa niaba ya wote wawili.

"Mtoto ameanza kula, wewe unamrudisha nyuma?"

"Ya nyumba hii hayatatangazwa barabarani!"

"Nyumba hii ina mtangazaji mmoja tu," mkewe akasema, "na si mtoto."

Neno hilo lilimgusa, lakini kiburi kilikuwa kimeshampanda. Kama dawa ni maneno, akawaza, mimi mbona nina duka zima la maneno? Shule zilikuwa zimefungwa. Zikapita Jumatano mbili bila kikundi, na ubeti wa bafuni ukanyamaza. Jumatano ya tatu mchana alimwamsha binti, akampeleka saluni, akamkalisha kwenye kigoda karibu na kioo. "Wazee wangu," akawaambia wa benchini, "mtoto kanyong'onyea. Hebu mchangamsheni."

Jamani! Kila mtu akawa daktari. Mmoja akasema akimbie asubuhi. Wa pili akasema anywe maji mengi. Wa tatu akasema ni simu hizi, anyang'anywe. Wa nne, aliyekuwa mzee kuliko wote, akasema enzi zao huzuni ilikuwepo lakini hawakuwa na nafasi nayo. Binti, ufagio magotini, alikuwa akitazama mikono yake. Kitini alikaa dereva wa lori, mtu mkubwa mwenye moyo mweupe, kichwa chake kimenyolewa upande mmoja. Alimtazama msichana kupitia kioo, akacheka kwa upendo kabisa.

"Kumbe huyu ndiye Bibi Deko mwenyewe! Mwanangu, baba yako ametuvunja mbavu na wewe mwaka huu."

Binti aliinua uso. "Ni wewe, baba?"

"Mama, ulikuwa mzaha tu wa hapa dukani..."

"Lile jina lilitoka hapa?"

Redio aliinamia mashine, akaanza kuipuliza nywele. Binti alisimama, akaegemeza ufagio ukutani kwa uangalifu usianguke, akatoka.

Kinyozi alidhani amekwenda nyumbani. Baada ya nusu saa alimpigia jirani, akaambiwa mlango umefungwa na hakuna mtu. Akampigia mkewe ghalani. Sauti ya mkewe ikaja chini sana.

"Juzi aliniambia anatamani alale asiamke. Leo nilikuwa nimeomba ruhusa nimpeleke kwa mshauri bila wewe kujua."

"Na mimi hukuniambia?"

"Niliogopa utalisema dukani."

Aliitupa mashine juu ya meza na kukimbia. Dereva wa lori naye akachomoka kitini na shuka lake shingoni, nusu ya kichwa ina nywele na nusu haina, wakawa wanakimbia bega kwa bega. Asiyejua angedhani wamepigana na kinyozi ndiye kashinda. Lakini wao hawakuwa wakicheka, na sisi tuliowaona hatukucheka. Walikwenda shuleni, geti limefungwa. Walikwenda kwa shangazi yake, hakufika. Walikwenda kituo cha mabasi wakauliza kila aliyesimama pale. Kinyozi aliogopa, aliogopa vibaya. Aliniambia kwamba njia nzima alikuwa akisikia sauti yake mwenyewe ikisema kichekesho kile, neno kwa neno, na watu wakicheka.

Simu yake ililia wakiwa karibu na kituo hicho. Alikuwa mkewe. "Yuko kliniki. Mshauri kanipigia sasa hivi. Mzima kabisa."

Kinyozi alikaa chini palepale kando ya barabara akalia kwa sauti, na dereva akamshika bega huku naye anajifuta macho kwa ncha ya shuka.

Sasa, mnakumbuka ilikuwa Jumatano. Kliniki walikuta mlango wa chumba cha nyuma umefungwa, na mama ameshafika, amekaa benchini. Ukitega sikio ulisikia sauti za vijana, lakini maneno hayakushikika. Mshauri, mwanamke mfupi mwenye miwani, alimwacha mwenzake na vijana, akatoka.

"Amekuja kwa miguu yake," akasema. "Mwenye kuzidiwa akatembea mwenyewe kutafuta msaada amefanya jambo kubwa sana, baba. Kikao kikiisha mtamwona."

"Amesema nini humo?"

"Hilo sitakuambia."

"Mimi ni baba yake!"

"Najua. Jambo linalogusa uhai wake silifichi kwa wazazi, naye anajua hivyo. Lile alilomwambia mama yake tutalizungumza sote wanne kabla hamjaondoka. Mengine ni yake."

"Na wale wenzake? Midomo yote ile itanyamaza?"

Kabla mshauri hajajibu, mlango ulifunguka, akatoka mvulana mmoja kunywa maji. Kinyozi alimtambua mara moja. Benchini walimwita Mrefu (naye ameniruhusu nimtaje), na alikuwa mteja wake tangu akiwa mdogo wa kuwekewa ubao juu ya kiti. Miezi miwili sasa alikuwa hajaonekana saluni.

"Wewe! Kumbe uko huku?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Niambie, mwanangu. Ulinisikia pale kwangu nikimsema binti yangu. Na huku umekuwa naye muda wote huu?"

Mrefu alikunywa maji polepole, akarudisha kikombe mahali pake. "Samahani, mzee, ya humo ndani siyasemi." Alishika kitasa, akasita. "Ila kinyozi nilibadilisha."

Akaingia, mlango ukafungwa. Kinyozi alikaa akipiga hesabu ya jambo hilo. Mvulana alijua jina limetoka wapi. Alikaa chumba kimoja na msichana aliyekuwa akiumizwa nalo, wala hakumwambia ni baba yako, maana msichana mwenyewe kaja kujua leo. Hakulisema shuleni wala kwao. Alihama kiti tu, basi. Mvulana wa miaka kumi na sita alikuwa ameuweza mzigo ambao baba mzima hakuuweza hata siku moja, na kinyozi aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

Kikao kilipokwisha binti alitoka na macho mekundu. Baba yake alisimama.

"Sijakusamehe," binti akamwambia.

"Sawa, mama."

"Lakini naomba nirudi Jumatano ijayo."

"Utarudi. Hata zote."

Siku hiyo walikaa wote wanne, mshauri akiwamo, wakapanga jinsi ya kumlinda: nani awe naye nyumbani, daktari amwone lini, na akizidiwa ampigie nani kwanza. Mama alieleza yale aliyokuwa akiyabeba peke yake, na aliposhusha pumzi hata mgongo wake ulilegea. Wote watatu walilala usingizi siku hiyo, jambo ambalo nyumba ile ilikuwa imelisahau.

Baada ya wiki sita wazazi waliitwa kikaoni. Kilichosemwa humo sikijui, isipokuwa kipande kimoja ambacho binti ameniruhusu. "Ya kwangu yaseme," aliniambia. "Ya wenzangu usiniulize." Utaratibu ulikuwa hivi: kila mzazi akae nyuma ya kiti cha mtoto wake, asitie neno mpaka mtoto mwenyewe ageuke. Hebu fikirini adhabu hiyo kwa Redio! Alikaa ameshika magoti kwa mikono miwili.

"Sikuwa nadeka, baba," binti alisema akitazama mbele. "Nilikuwa naamka nimeshachoka. Nilitaka kucheka nawe dukani, kicheko hakiji. Nilijiona mimi ndiye mbaya. Halafu jina likaja, nikasema basi, hata watu wameona."

Akageuka. Ruhusa ndiyo hiyo. Kinyozi alikuwa amepanga hotuba nzima, akaiacha.

"Nilikosea, mwanangu. Ulikuwa unaumwa, mimi nikakufanya kichekesho cha watu. Nisamehe. Nifanye nini?"

"Jina limeshafika mbali, huwezi kulirudisha," binti akasema. "Lakini uliowaambia unawajua. Waambie ulikosea. Ya ugonjwa wangu usiwaeleze. Sema ulikosea tu."

Basi mwezi ule ukienda kunyoa kwake ulipewa kwanza hilo. Alizima mashine kama zamani, benchi likatega masikio kwa kutarajia kichekesho, naye akasema, "Lile jina nililompa binti yangu lilikuwa kosa langu. Ukilisikia mahali, sema baba yake amelikataa." Wapo waliocheka wakidhani ni mwanzo wa mzaha. Aliwangoja wamalize, akalirudia. Alimwambia mmoja mmoja, hata wavulana wa shule, hata mzee aliyepaliwa.

Dereva wa lori naye aliambiwa. Alingoja mpaka shuka likatolewa na shingo ikapakwa poda. Wengine walipokwisha kutoka, akauliza akiwa bado anajitazama kwenye kioo, "Wangu wa kiume hatoki chumbani mwezi wa pili huu. Nami namwita mvivu. Kliniki ile ni siku gani?"

"Jumatano," kinyozi akasema. "Alasiri. Nitakupeleka." Na hakuuliza lingine. Mnajiuliza mimi nimeyajuaje? Dereva mwenyewe alinisimulia, na kuwasimulia nyinyi amekubali. Kwa Redio halikutoka.

Binti sasa amerudi shuleni. Siku mbaya bado zinamjia, na zikija anasema "leo mbaya", na mtu haongezi neno juu yake. Jumamosi nyingine huja saluni, nyingine haji. Juzi mteja mgeni alimwona amekaa kwenye kigoda, akamuuliza baba yake, "Binti hajambo?" Kinyozi alinyamaza. Mgeni akadhani hajasikika, akauliza tena.

"Si yuko hapo?" kinyozi akasema. "Muulize mwenyewe."

Binti alifikiri kidogo. "Leo sijambo," akasema, na lilikuwa jibu la kweli.

Funzo la kisa hiki

Wazazi wenzangu, huzuni na hofu zikimkaa kijana wiki baada ya wiki, zikamnyima usingizi, chakula na shule, hizo si deko wala uvivu. Ni maradhi, na mgonjwa hapewi jina la kuchekesha watu. Mpeleke kwa wenye kujua, na ukishampeleka usimtoe katikati kwa kuogopa aibu yako. Akikwambia anatamani asiamke, mwamini, usimwache peke yake, tafuta msaada siku hiyohiyo, na msifichane baba na mama. Nanyi vijana, kuingia chumba kile na kukaa kwenye duara si udhaifu. Mnakuta wenzenu, na mnakuta masikio.

Na zaidi ya yote, tuwe watu ambao mtoto anaweza kutuambia neno likabaki kwetu. Kinyozi wetu alikuwa na wasikilizaji mtaa mzima, lakini neno zito kuliko yote nyumbani kwake alifichwa yeye, kwa sababu ya mdomo wake. Leo yeye ndiye mtu ambaye binti humwambia kwanza.